Mama anasema "sijambo", lakini sufuria zimeungua

Swali: Mama yangu ana miaka 76, anakaa Muheza na mjukuu wake wa darasa la sita. Ana presha na kisukari na huhudhuria kliniki. Mimi na dada yangu tuko Dar es Salaam. Tunampigia simu karibu kila siku na jibu ni lile lile: "Sijambo mwanangu, nashukuru Mungu." Nilipokwenda Idi nilimkuta amepungua mwili, sufuria mbili zimeungua kwa chini, na usiku aliniamsha kuniuliza kama kumekucha. Dada anasema ni uzee, tusimsumbue. Nitajuaje kama ni uzee tu au amefika mahali pa kuhitaji uangalizi?

Jibu: Kwanza mfikishie mama shikamoo.

Simu haitakupa jibu unalolitafuta. Mzazi akiulizwa hali na mtoto aliye mbali husema hajambo hata akiwa amelala na homa. Ni adabu yake, na mara nyingi ni hofu pia: anajua kwamba akilalamika, kesho mtakuja kumhamisha. Kwa hiyo acha kumuuliza hali. Tazama ni kazi gani alizokuwa akizifanya mwenyewe ambazo sasa ameziacha, na uulize ameziacha tangu lini.

Kupunguza mwendo, kusahau jina la mtu na kulikumbuka baada ya muda, kuhitaji miwani, hayo ni ya umri. Lakini mtu aliyekuwa akienda sokoni kila Jumamosi akiacha kwenda, pana sababu: goti, macho, kizunguzungu, woga wa kuanguka, huzuni, au amewahi kupotea njia na hataki kusema. Uzee peke yake haumzuii mtu kwenda sokoni. Halafu kuna kasi. Badiliko lililokuja ndani ya siku mbili tatu ni ugonjwa, na linatakiwa hospitali wiki hiyo hiyo, pengine siku hiyo hiyo. Lililokuja kidogo kidogo kwa miezi ndilo la kupangia uangalizi, ingawa nalo huanza kwa vipimo.

Shahidi wako mkuu ni yule mjukuu, na ndiye pia anayekuficha mambo bila kukusudia. Mtoto akianza kuchota maji, kuwasha jiko, kusoma ujumbe wa simu na kumkumbusha bibi dawa, nyumba inaonekana inakwenda sawa. Kumbe nusu ya kazi za bibi zimehamia kwake. Muulize taratibu, bibi akiwa hayupo: nani anapika siku za shule? Nani anafua? Bibi anaamka mara ngapi usiku? Jiko limewahi kusahaulika? Usimuulize kama anayetafuta kosa, maana atamkinga bibi yake. Akikwambia huwa anachelewa shule kwa sababu ya kazi za asubuhi, jibu la swali lako umeshalipata nusu. Kisha zungumza na mwenye duka, jirani wa mlango wa pili, na wenzake wa kikundi cha kukopeshana. Mwenye duka anajua kama mama amenunua sukari mara tatu ndani ya wiki moja, au kama siku hizi anamnyooshea noti zote achague mwenyewe.

Sasa kadi ya kliniki. Watu wengi hutafuta vipimo vikubwa wakati miezi kumi na miwili ya maelezo imelala kabatini. Kila hudhurio huandikwa uzito, presha na mara nyingi sukari. Linganisha uzito wa sasa na wa miezi sita iliyopita. Aliyekuwa na kilo 60 akipungua kilo 3 au zaidi bila kukusudia, hiyo ni asilimia 5, na daktari anatakiwa kuambiwa kwa maneno hayo hayo: "amepungua kilo kadhaa tangu mwezi fulani." Kama kadi ina mapengo, amekosa kliniki, uliza kama ni nauli, miguu au amesahau tarehe. Kama hakuna uzito ulioandikwa, pete inayozunguka kidoleni na meno bandia yanayocheza mdomoni yanatosha kukuonyesha.

Kisha hesabu dawa. Chukua ile ya kidonge kimoja kwa siku. Kama alipewa vidonge 30 akaanza tarehe 2, asubuhi ya tarehe 20 kabla hajameza vinatakiwa vibaki 12. Vikibaki 19 anaruka siku. Vikibaki 5 anameza mara mbili, kwa kawaida kwa sababu hakumbuki kama ameshameza. Hilo la pili ni baya zaidi na ndilo watu hawalitarajii, kwa sababu dawa zikiisha mapema husema "walinipa chache". Angalia pia kama dawa za zamani zimechanganywa kwenye mfuko mmoja na mpya. Kidonge kile kile huweza kubadilika rangi kiwanda kinapobadilika, na mzee huishia kumeza vyote viwili.

Katika dawa za kisukari, tafuta jina glibenklamidi (kwenye pakiti huandikwa glibenclamide). Ni kidonge kidogo, cha bei nafuu, kilichozoeleka sana. Shida yake kwa mzee ni kwamba hukaa mwilini muda mrefu na figo zilizochoka huchelewa kuitoa. Mama akimeza jioni halafu akala kipande cha andazi na chai kavu, sukari inaweza kushuka saa nane za usiku. Ataamka na jasho, anatetemeka, hajui ni usiku au mchana. Ndiyo maana lile swali lake la "kumekucha?" lisipite hivi hivi. Huenda ni kumbukumbu, lakini huenda ni sukari ya chini, na hii inaweza kuua usiku mmoja. Nunueni kipima sukari cha nyumbani na mpime saa ile ile anapoonekana hivyo. Ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), mpe vijiko vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena, rudia ikibidi, halafu ale chakula chenyewe. Aliyepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Hata aliyezinduka apelekwe, kwa sababu dawa hii inaweza kuishusha tena saa kadhaa baadaye. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako, ila mwambie daktari umri wake na mlo wake wa kweli, na uulize kama kuna ya kubadilishia. Kwa umri huu hakuna sababu ya kuisukuma sukari ishuke kama ya kijana.

Sukari ya juu nayo huamsha usiku, kwa haja ndogo. Vivyo hivyo dawa ya presha ya kukojosha ikimezwa jioni badala ya asubuhi.

Muulize pia anachonunua mwenyewe dukani. Piriton ya mafua au ya kumtafutia usingizi humchanganya mzee akili, humfunga choo na kumzuia mkojo. Diklofenaki ya magoti hupandisha presha na kuumiza figo. Vidonge vya usingizi aina ya diazepamu humwangusha. Mara nyingine "usahaulifu" wa wiki tatu huisha kwa kuacha kidonge kimoja cha dukani. Na metfomini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, jambo linaloweza kuleta ganzi ya miguu na kumbukumbu dhaifu. Liko kwenye orodha ya vya kumuuliza daktari.

Jikoni umeona sufuria. Sufuria moja iliyoungua haina maana kubwa. Nani hajawahi kuunguza maharage? Zikiwa mbili ndani ya wiki chache, fungua mikebe. Unga wenye wadudu, mboga iliyooza chini ya kapu, mkaa umejaa lakini jivu ni la zamani: hapiki. Muulize jana alikula nini, kisha muulize mtoto swali lile lile. Wazee wengi wa peke yao huhamia kwenye chai na mkate asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu haihitaji kusimama, kukuna nazi wala kutafuna. Hapo ndipo nyama za mwili zinapokwisha, na nguvu za miguu zinafuata. Kabla ya kununua vyakula vya makopo, tazama mdomo wake: jino bovu au fizi zenye vidonda huweza kuwa chanzo chote. Yai kila siku, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa na maziwa humrudisha mtu polepole, isipokuwa daktari wa figo amesema vingine.

Sehemu inayosema ukweli kuliko zote ni choo, na hakuna anayeitazama. Kama choo ni cha kuchuchumaa, kuinuka pale ni kazi nzito kuliko zote ambazo mwili wa mama hufanya kwa siku. Akishindwa hatakwambia. Atapunguza kunywa maji kuanzia alasiri ili asiende usiku. Kunywa kidogo kunaleta choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo na kizunguzungu, na kwa mzee maambukizi ya mkojo yanaweza kujitokeza kama kuchanganyikiwa tu, bila homa na bila kulalamika maumivu. Familia inasema akili imeanza kwenda, kumbe mwanzo wa yote ni sakafu ya choo. Tafuta alama za mikono ukutani alipojishikilia. Nusa chumba chake asubuhi. Tazama kama khanga za kulalia zinafuliwa kila siku.

Dawa yake ni fundi. Atengeneze kiti cha mbao ngumu au chuma chenye tundu katikati, kimo cha kama sentimita 45 ili nyayo zikae chini zote, kiwekwe juu ya shimo. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu hupasuka na miguu yake huteleza kwenye sakafu yenye maji, usikitegemee. Bomba la kushikia lifungwe kwenye ukuta wa tofali, kimo cha nyonga yake akiwa amesimama. Kwenye ukuta wa udongo litang'oka siku atakayolihitaji, kwa hiyo hapo chimbieni nguzo. Usiku awe na ndoo yenye mfuniko na kiti chake chumbani, na taa anayoweza kuiwasha bila kushuka kitandani. Kandambili zilizolika zitupwe, avae ndala zenye mkanda wa nyuma. Maji anywe glasi sita hadi nane, nyingi zikiwa kabla ya saa kumi na mbili jioni, kama hajazuiwa kwa moyo au figo.

Miguu unaweza kuipima mwenyewe kwa saa ya simu. Akae kwenye kiti cha kawaida kisicho na mto, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano bila kujishika. Akipita sekunde 15, au akishindwa, nguvu za mapaja zimekwisha. Kipimo kingine: aondoke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Zaidi ya sekunde 12 ni mtu aliye kwenye hatari ya kuanguka. Simama karibu naye muda wote. Usiulize "umewahi kuanguka?" kwa sababu atasema hapana, uliza "mara ya mwisho kuteleza ilikuwa wapi?" na utazame magoti, viwiko na miundi. Kama ana kizunguzungu akiinuka, apimwe presha amelala dakika 5, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, dawa zake zinahitaji kuangaliwa upya. Presha nzuri ya kukaa kitini inaweza kumficha mtu anayeanguka kila asubuhi.

Tazama kucha za vidole vya miguu. Zikiwa ndefu na zimejikunja, ama hawezi kuinama, ama haoni, ama hana hisia. Kwa mwenye kisukari, hapo hapo geuza nyayo na utafute kidonda kisichouma.

Kuhusu kumbukumbu, usimfanyie mtihani wa "leo tarehe ngapi"; asiyeangalia kalenda hajui, na utamdhalilisha bure. Anza na masikio na macho. Asiyesikia hujibu kisichoulizwa, na wakati mwingine ni nta iliyojaa sikio. Mwenye mtoto wa jicho huchanganya noti na hupitisha mawe kwenye mchele. Vyote hivyo vinatibika. Kinachotia wasiwasi ni kuuliza jambo moja mara nne ndani ya nusu saa, kupotea njia ya siku zote, kushindwa kufuata hatua za pishi alilolipika miaka hamsini, kuwashuku watu kumwibia vitu alivyovificha mwenyewe, au kumpa wakala wa simu namba ya siri amfanyie kila kitu. (Kusahau rakaa kunampata kila mtu.) Andikeni matukio na tarehe zake kwenye daftari. Daktari atasaidiwa zaidi na kurasa mbili za matukio kuliko na maneno "siku hizi anasahau".

Huzuni nayo huiga usahaulifu, hasa baada ya msiba. Mwenye huzuni hujibu "sijui" kwa kila kitu na ameacha yaliyokuwa yakimfurahisha. Mwenye maradhi ya kumbukumbu mara nyingi hujibu kwa uhakika, ila jibu si lenyewe.

Baada ya kukusanya haya, kiwango cha msaada kinajionyesha chenyewe. Kama kinachomshinda ni maji, soko, kufua na mpangilio wa dawa, anahitaji mtu wa saa mbili tatu asubuhi, na bahasha saba za dawa zenye majina ya siku, zinazojazwa kila Jumapili na mtu mmoja huyo huyo. Kama zinazomshinda ni kuoga, kuvaa, kwenda choo au kuinuka kitandani, anahitaji mtu mzima wa kulala naye. Na asibaki peke yake hata kidogo ikiwa ameshasahau moto zaidi ya mara moja, ikiwa akianguka hawezi kuinuka wala kuita, au ikiwa anatoka nje usiku bila kujua aendako. Hilo la mwisho mweleze mapema mjumbe na majirani kwamba mama anaumwa. Kikongwe anayetembea usiku akiongea peke yake anaweza kuitwa mchawi na asiyejua, na katika nchi hii tunajua mambo hayo yanaweza kuishia wapi.

Kwa ulivyoeleza, mama yuko angalau kwenye ngazi ya kwanza, na la usiku linataka vipimo kwanza ndipo mseme ni ya pili. Kama sufuria zote mbili ziliungua kwa moto aliousahau, asibaki peke yake. Mjukuu asihesabiwe kama mwangalizi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kumletea bibi maji. Hawezi kuamka naye usiku mara tatu na kesho yake akafanya mtihani.

Msiharakishe kumleta Dar. Mtu mwenye kumbukumbu dhaifu nyumbani kwake bado anajua mlango uko wapi gizani. Mkimweka ghorofa ya tatu, ninyi mkiondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, atachanganyikiwa zaidi ndani ya wiki, na mtadhani maradhi yamepanda. Akija, aje kwa matibabu yenye tarehe ya kurudi, na kuwe na mtu mchana. Mkiamua abaki, kaeni kikao wewe na dada na kila mwenye nafasi katika familia, mgawane kwa majina: nani analipa mtu wa kazi, nani anakwenda Muheza kila mwezi, nani anashika kadi na daftari. Anayetuma pesa asijione amemaliza, na anayekaa karibu asiachiwe yote.

Mama naye aingizwe kwenye mazungumzo kabla mtu hajaletwa. "Mama, sisi huku hatulali, tusaidie" hupokelewa. "Huwezi tena kukaa peke yako" huvunja. Aje mtu wa kumsaidia mjukuu na kazi, si wa kumchunga bibi, na ufunguo wa kabati na uamuzi wa kipi kipikwe vibaki kwake.

Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60 na inataka asiye na uwezo atibiwe bure. Kama hana kitambulisho cha mzee, aulizie serikali ya kijiji au mtaa na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na akifika hospitali mtafute dirisha la wazee. Anzieni kliniki yake ya kawaida. Wakihitaji zaidi watamwandikia rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga. Siku ya kwenda bebeni kadi, daftari, na dawa zote zilizomo nyumbani ndani ya mfuko mmoja, pamoja na za dukani na za miti shamba. Ombeni sukari, mkojo, wingi wa damu, figo na chumvi za damu, presha ya kulala na kusimama, na macho.

Msingoje kliniki kama mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea au maneno hayatoki sawasawa. Kama amechanganyikiwa ghafla au analala mchana kutwa na haamki vizuri. Kama tangu asubuhi hajakojoa. Kama ameanguka na hawezi kukanyaga, mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje. Aliyejigonga kichwa aangaliwe hata wiki kadhaa baadaye: kichwa kinachouma au akili inayokwenda na kurudi inaweza kuwa damu inayovuja taratibu ndani.

Na kwa kuwa ulikwenda Idi, muulize kama alifunga Ramadhani yote huku akimeza vidonge kama kawaida. Kama ndivyo, huenda kilo zilizopungua na usiku ule vinaanzia hapo, na kabla ya mwezi mwingine kufika, wiki sita hadi nane mapema, daktari aseme kama anaweza kufunga na dawa zipangwe vipi.